Gari la Serikali Halikosei

Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Nchi yetu haina mtu anayeogopa, na kama mtakavyoona, hilo ndilo lililotuponza. Ni kwamba jina lake ni refu, Bunge limekuwa likiliongezea sifa kila mwaka, na nikianza kulitaja chai itapoa kabla sijafika kwenye habari yenyewe.

Habari yenyewe ni ya vijana na magari. Vijana wetu walikuwa wakifa barabarani. Nasema hivi bila kumlaumu mtu. Walikufa zaidi mwisho wa wiki, wakiwa wamejazana kwenye gari la baba wa mmoja wao, redio iko juu, kila mmoja akimwambia dereva ongeza, ongeza. Serikali ilisikitika upesi sana. Idara ya Rambirambi ilifika kwenye ajali mara nyingi kabla ya gari la wagonjwa, ikiwa na kwaya na shada la maua, na wageni kutoka nchi jirani walikuwa wakija kujifunza tunawezaje.

Udereva wenyewe ulifundishwa mezani. Kila chuo kilikuwa na meza pana iliyochorwa barabara, na juu yake vigari vya mbao. Mwanafunzi alisukuma kigari kwa kidole huku akisema, "Naangalia kioo, natoa ishara, naingia kushoto," kisha akapewa leseni na kupigwa picha. Waziri wa Barabara alilitangazia Bunge kwamba tangu meza hizo zianze kutumika, hakuna hata kigari kimoja kilichomgonga mtu. Wabunge walisimama wakapiga makofi kwa muda mrefu. Sisi wa mtaani siku hiyo tulikuwa makaburini.

*

Katika tarafa yetu aliishi mama mmoja aliyeitwa Mwalimu Skolastika. Kabla ya kuwa mwalimu alikuwa dereva wa gari la wagonjwa nusu ya maisha yake, na watoto ambao sisi wengine tuliwajua kwa majina, yeye aliwajua kwa uzito, maana aliwabeba kutoka kwenye lami. Alipostaafu alinunua kigari cheupe kilichochoka, akamwambia fundi amfungie breki ya pili upande wa kushoto, chini ya mguu wa mwalimu, akaanza kufundisha kitu alichokiita udereva wa kujihami.

Vijana walimcheka. Walikuja wakidhani watafundishwa kukimbia, wakakuta wanafundishwa kutazama. Aliwaambia waache nafasi mbele yao hata kama wa nyuma anapiga honi mpaka anapasuka. Aliwaambia ishara ya gari inaweza kudanganya lakini tairi halidanganyi, kwa hiyo watazame tairi la mbele la mwenzao, ndilo linalosema anakokwenda. Aliwaambia taa ya kijani ni ruhusa tu, si ngao. Ikiwaka, geuza shingo kulia, geuza kushoto, ndipo uondoke. "Kila anayekuja mdhanie atakosea," alikuwa akisema. "Asipokosea, umepoteza nini?"

Tena alikuwa na zoezi lake la uji. Abiria aliketi mbele akiwa amepakata sufuria la uji mwepesi, na dereva alitakiwa kwenda sokoni na kurudi bila kumwagika tone. Wale wenye mguu mzito waliosha viti kwa mikono yao mpaka wakashika adabu. Na abiria aliyethubutu kusema "ongeza" aliteremshwa palepale, akarudi kwao kwa miguu na sufuria lake.

Mwanafunzi wake bora alikuwa Tunu, jirani yangu; nyumba yao na yangu zinagawana ukuta. Alikuwa na miaka kumi na saba na mama mgonjwa. Mama yake, Bi Asumini, figo zake zilikuwa zimechoka, na kila Jumatatu na Alhamisi alitakiwa kufikishwa hospitali ya mjini kusafishwa damu. Kwenye basi hakuweza, kwa kuwa akitoka kwenye ile mashine alikuwa hana nguvu hata ya kushika kiti. Marehemu mumewe alimwachia gari dogo la bluu, lililolala uani chini ya turubai, likimsubiri mtu mwenye leseni. Mtu huyo angekuwa Tunu. Hadi siku hiyo ifike, Mwalimu Skolastika ndiye aliyempeleka mama, na Tunu alikaa naye kiti cha nyuma akimshika mkono.

Siku ya zoezi la uji, Bi Asumini alisema sufuria atalipakata mwenyewe, na makusudi alivaa khanga mpya ambayo haijaingia maji. Walikwenda sokoni wakarudi. Aliposhuka alituonyesha khanga yake mbele na nyuma, kavu kabisa, akacheka kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu augue. Tunu alikaa kwenye usukani akijifanya anatafuta kitu chini ya kiti, kumbe anafuta machozi.

Msimu ule wa mvua ulikuja ukaisha, na hakuna kijana wa tarafa yetu aliyekufa barabarani. Hata mmoja. Tuliona aibu kidogo kufurahi, hatukuwa tumezoea.

*

Serikali iliona haraka kwamba kuna kasoro. Kwaya ya rambirambi ya tarafa ilikuwa imekaa mpaka ikasahau nyimbo. Lakini kilichomleta Bwana Ndimbo kwetu kilikuwa kikubwa kuliko hicho.

Bwana Ndimbo alikuwa Mkaguzi Mkuu wa Imani Barabarani, mtu nadhifu, mwenye sauti ya kusomea hotuba hata akiomba chumvi. Alikuwa amepata taarifa kwamba kwenye njia panda yetu, gari la Serikali lilipita taa ikiwa nyekundu, na kijana mmoja aliyekuwa na taa ya kijani alisimama akalipisha. Watu wote wakaona. Kwamba gari lilipita kwenye taa nyekundu, Bwana Ndimbo hakubisha. Alikuwamo ndani yake. Alichotaka kujua ni kijana alijuaje kwamba litapita. Mtu hawezi kusimama kulipisha gari la Serikali kabla halijakosea, alitueleza kwenye mkutano wa hadhara, isipokuwa ameshalidhania vibaya moyoni. Na moyo unaoidhania vibaya Serikali kwenye taa, utaidhania vibaya kwenye nini kingine?

Swali lilikuwa zito. Ndipo Mwalimu Skolastika akaitwa mbele.

"Unawafundisha watoto kwamba gari la Serikali linaweza kukosea?" aliuliza Bwana Ndimbo.

"Nawafundisha kwamba gari lolote linaweza kukosea, Bwana Mkaguzi."

"Likiwemo la Serikali?"

"Nalo lina matairi manne na mtu ndani yake."

Jibu hilo lilimponza. Wiki haikuisha, ukatoka waraka ulioanza kwa maneno haya: Gari la Serikali Halikosei. Breki ya pili ikapigwa marufuku katika magari ya kufundishia nchi nzima, kwa sababu inaonyesha kutowaamini vijana, na vijana ndio taifa. Kigari cheupe kikachukuliwa kuwa kielelezo. Mwalimu akanyang'anywa kibali cha kufundisha na leseni yake mwenyewe, na udereva wa kujihami ukabadilishwa jina ukawa udereva wa kujiamini. Mtihani mpya ukatungwa. Mwanafunzi akifika njia panda na taa ni ya kijani, aendelee uso mbele, asigeuze shingo, wakati gari la Serikali likija kutoka upande wake wa kulia na kusimama kwenye mstari mbele ya macho ya wananchi. Wananchi wapige makofi. Hilo la makofi lilikuwa kifungu cha sheria, na asiyepiga aliandikwa.

*

Kwa Bi Asumini waraka ule ulikuwa na maana moja tu: hana wa kumpeleka hospitali. Majirani tulichanga tukakodi gari, tukachanga tena, halafu uwezo ukatuishia, kila mtu ana kwake. Mwalimu Skolastika alijitolea kuliendesha lile gari la bluu bila leseni. Bi Asumini alikataa katakata, akasema hawezi kusafishwa damu yake kwa kumfunga mtu mwingine jela. Akaanza kukosa Jumatatu. Uso ukavimba, miguu ikajaa maji, usiku nilimsikia ukutani akihema kama aliyepanda mlima. Leseni ya Tunu ndiyo iliyobaki kuwa dawa yake.

Tunu akaenda kwenye mtihani. Tulikuwa tumejipanga kando ya njia panda, mikono tayari. Taa ikawa ya kijani, gari la Serikali likatokea kulia kwa kasi, kama lilivyoagizwa, na kabla halijafika kwenye mstari wake, Tunu akageuza shingo na kufunga breki. Bwana Ndimbo, aliyekaa kando yake, aliandika neno moja. Kwetu matokeo husomwa kwa kipaza sauti, na neno lilisomwa mara mbili ili wa nyuma wasikie: mwoga.

Mara ya pili alikula kiapo mbele ya mama yake kwamba hatafunga breki. Akafunga. Alirudi nyumbani akakaa kwenye ngazi, akaniambia mguu wake una akili zake mwenyewe, haumsikilizi. Kipaza sauti safari hii kilisema mwoga sugu. Watoto wa mtaa walilishika neno hilo wakamwimbia kila alipokwenda dukani, na mimi niliwafukuza kwa fimbo, ingawa sheria iliwaruhusu kuimba.

Waliofeli mara mbili walipelekwa Kambi ya Imani. Sikufika huko, nasimulia alivyonisimulia mwenyewe. Kila asubuhi walipangwa mstari uwanjani, na gari la Serikali lilikimbizwa kuelekea kwao likasimama kwenye ncha za vidole vyao vya miguu. Aliyefumba macho alirudia. Aliyerudi nyuma alirudia bila kifungua kinywa. Jioni waliimba. Gari halikumgusa mtu, si siku ya kwanza, si siku ya mwisho. Dereva wake alikuwa fundi kwelikweli, na hakuwa na kazi nyingine.

Tunu alirudi amenenepa kidogo na mtulivu sana. Mama yake alifurahi kumwona. Mimi pia nilifurahi, mpaka jioni moja alipotumwa chumvi. Duka liko ng'ambo ya barabara. Nilimwona anatoka, anashuka kwenye lami, anavuka mpaka ng'ambo, na shingo yake haikugeuka kulia wala kushoto. Pikipiki ilimkwepa, mwenyewe hakuiona. Akanunua chumvi akarudi vilevile. Niliogopa, na hofu kwetu si jambo la kutangaza, kwa hiyo nilimwendea Mwalimu Skolastika.

Mwalimu alikuja usiku uleule. Hakumkaripia. Alimwambia kwenye mtihani awape kwa mdomo wanachotaka, lakini barabarani atazame, hata kwa jicho tu, hata bila kugeuza shingo. Alimshika mikono yote miwili akamwomba kama anayeomba kitu chake mwenyewe.

Tunu alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Lakini Mwalimu," akasema, "siku zote lilisimama."

*

Mtihani wa tatu ulifanyika siku ya sherehe. Waziri wa Barabara alikuwa anakuja kuwapa zawadi vijana wa Kambi ya Imani, uwanja ulikuwa umepambwa, na muda mfupi kabla ya kuanza iligundulika kwamba mimbari ya kuhutubia imesahauliwa makao makuu. Gari la Serikali likatumwa kuifuata. Likaenda, likaipakia, na sasa lilikuwa linarudi mbio, maana Waziri hawezi kuhutubia bila kitu cha kuegemea.

Hayo tuliyajua baadaye. Wakati ule tuliona tu gari la mtihani likiteremka taratibu, Tunu kwenye usukani, mgongo wima, kitambaa kipya kichwani. Taa ikawaka kijani. Kutoka kulia likatokea gari lenye namba za Serikali, likija kwa kasi, kama ilivyo katika utaratibu. Bi Asumini tulikuwa tumemkalisha kwenye kiti mbele yetu, miguu imevimba haiingii viatuni, ameinua mikono tayari. Tunu hakugeuka. Aliingia njia panda uso mbele, ametulia, na sisi tukaanza kupiga makofi.

Lile gari la Serikali la siku zote, lenye dereva fundi, lilikuwa bado limeegeshwa chini ya kivuli likisubiri zamu yake.

Makofi hayakukatika mara moja. Waliokuwa nyuma hawakuona, waliendelea. Mpaka leo nikiyasikia makofi popote, hata harusini, natoka nje.

*

Tume iliundwa na ikamaliza kazi haraka. Ilithibitisha kwamba gari la Serikali halikukosea, kwa kuwa halikosei. Taa nyekundu ndiyo iliyowaka mahali pasipofaa. Ilithibitisha pia kwamba marehemu hakukosea, kwani alitimiza kila kifungu cha mtihani. Hivyo ilikuwa ajali isiyo na mkosaji, na Waziri alilieleza Bunge kwamba huenda ni ya kwanza duniani. Mimbari haikuharibika. Alilihutubia taifa kutoka juu yake.

Siku ya Jumatano, tukiwa bado matangani, Bwana Ndimbo alikuja na kwaya. Mkono wake mmoja ulikuwa umefungwa shingoni, maana naye alikuwa amekaa kando ya Tunu garini, upande wa pili. Mkono mzima ulishika bahasha. Wanawake wakampisha, akapiga magoti mbele ya mkeka wa Bi Asumini, na sina budi kusema ukweli, macho yake yalikuwa mekundu. Nadhani alikuwa amelia njiani. Akatoa leseni ya Tunu, yenye picha, alama zote, daraja la kwanza.

"Mama," akasema, na sauti ya hotuba ilikuwa imemtoka, "nimewatahini vijana wengi. Sijaona aliyepita kama huyu. Hakugeuza shingo. Breki hakuigusa hata kidogo."

Bi Asumini aliitazama ile picha bila kuipokea.

"Huyu simjui," akasema. "Mimi niliwapa mtoto mwoga. Aliogopa mbwa, aliogopa radi, aliogopa mama yake atakufa. Huyo ndiye niliyemzaa. Nirudishieni mwoga wangu."

Bwana Ndimbo alikuwa amefundishwa majibu ya mfiwa anayelia, ya anayelaani, hata ya anayeshukuru. Hili hakufundishwa. Akamgeukia mjumbe wetu wa mtaa kumuuliza kwa sauti ndogo ombi la namna hiyo linapelekwa idara gani. Kwaya, kwa kukosa maagizo, ikabaki imesimama midomo wazi, mpaka mzee mmoja akawaambia waende nyumbani, watoto wa watu, jua kali.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Mwalimu Skolastika alifika asubuhi mapema, akalivua turubai gari la bluu, akalifuta vumbi, akaliwasha baada ya kulibembeleza sana. Akaingia ndani akamwambia Bi Asumini waondoke. Alisema leseni hana na hajali, wamfunge wakitaka. Atakwenda taratibu, atasimama kila mahali pa kusimama na pasipo pa kusimama.

Bi Asumini alikuwa amekaa mkekani, mgongo ukutani.

"Nilimwambia mimi," akasema. "Mara ya pili alipofeli alilia. Nikamwambia mwanangu jikaze, mama anaumwa."

Mwalimu alimwambia hapana, si yeye. Alimwambia mara nyingi, kwa kila njia anayoijua, kisha akajaribu kumwinua, na mimi nikasogea kumsaidia. Bi Asumini alituondoa mikono polepole, bila hasira. Akasema ahsanteni, hatakwenda. Nje gari lilikuwa bado linanguruma. Nilitoka nikalizima, nikalirudishia turubai lake, na niliporudi nilimkuta Mwalimu Skolastika ameketi mkekani kando yake, amemshika mkono. Walikaa hivyo hadi saa ya hospitali ikapita.